Kamati za Baraza la Wawakilishi zije Pemba kutusikiliza na sie

Assalamu alaykum mhariri, mie ni mkulima wa mwani huku Micheweni na nimo kwenye kikundi chetu cha kutetea haki za wanawake na watu wenye ulemavu, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kweli.

Watu wengi wanadhani sheria inabadilika siku wawakilishi wanapopiga kura, siyo, siku hiyo mengi yashakwisha. Kazi yenyewe ipo kwenye kamati, mswada ukishasomwa mara ya kwanza wadau wanaitwa watoe maoni kifungu kwa kifungu, na hapo ndipo jumuiya za mjini Unguja zinapotushinda, wao wana mwanasheria, wana namba ya simu ya katibu wa kamati, na Chukwani, lilipo Baraza, kwao ni daladala tu. Sie habari tunazipata kwenye redio, kikao keshokutwa! Uteremke mpaka bandari ya Mkoani, ulipe boti ya Unguja, utafute pa kulala, na kama mwenzako anatumia kiti cha magurudumu lazima aje na mtu wa kumsaidia kwa hiyo nauli ni mara mbili. Ikiangukia bamvua, maji yanapokupwa sana, ndiyo kabisa, mwani haungoji.

Mwaka jana tulipeleka barua ofisi moja, sitoitaja, kuomba kuonana na wakubwa, tukaambiwa leteni cheti cha usajili, tukaleta, tukaambiwa barua haina muhuri, tukachonga muhuri, tunakuja kujibiwa mswada ushapita.

Na kusikilizwa kunasaidia jamani. Ile sheria ya Zanzibar ya 1985 ilokuwa ikimfunga jela mwanamke akishika mimba nje ya ndoa, wanaharakati waliipigia kelele miaka mpaka ikaja ya 2005, jela ikaondoshwa ikawekwa kazi za jamii. Mie nnaona bado adhabu inamwangukia mwanamke peke yake kwa sehemu kubwa, lakini bila ya watu kuwafata wawakilishi hata hapo tusingefika.

Nnachoomba, mswada ukigusa wanawake au walemavu kamati ikae Chake Chake pia, huku Pemba, siyo kuja kukagua miradi tu. Tangazo litoke wiki mbili kabla na libandikwe kwa sheha, na mkalimani wa lugha ya alama awepo, kuna viziwi wawili kwenye kikundi chetu na wana mengi ya kusema kuhusu hospitali na polisi.

Mkulima wa mwani,
Micheweni, Pemba