Mkitushauri tufupishe amri, msiisahau Tab

Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia ya wiki iliyopita iliwashauri mafundi wa kompyuta wafupishe amri ndefu kwa kuweka majina ya mkato, yaani aliasi, ndani ya .bashrc, faili la mipangilio ya bash, yaani programu inayopokea amri unazoandika. Ushauri wenyewe si mbaya. Ila mwandishi wenu aliishia pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza, na Jumatatu vijana ninaowasimamia hapa Mwanza walinijia wakilalamika kuwa Tab, kitufe kinachomalizia neno uliloanza kuandika, imekufa.

Haijafa. Ukibonyeza Tab, bash hutazama neno la kwanza la mstari na kutafuta kama lina maelekezo yake ya ukamilishaji. Neno kubectl, amri ya kusimamia programu zinazoendeshwa kwenye klasta, yaani kundi la seva, linayo. Jina la mkato k halina, hata kama umeshatamka kwamba k ndiyo kubectl. Andika kubectl logs mal, bonyeza Tab, unapata jina kamili la podi, yaani programu moja inayoendeshwa humo: malipo-7d9f8b6c5d-x2k4q. Andika k logs mal, bonyeza Tab ile ile, unaletewa malipo.xlsx iliyomo kwenye folda uliyopo. Umeokoa herufi sita, halafu unakaa kunakili jina la podi kwa jicho!

Kwetu sisi wa seva Tab si suala la uvivu wa vidole. Ndiyo inayotuhakikishia. Fundi anayetaka kufuta podi akabonyeza Tab na jina lisije, hapo hapo anashtuka: huenda yuko kwenye klasta ya wateja badala ya ile ya majaribio. Ukimnyang'anya hilo, umempa njia ya haraka ya kuharibu.

Dawa ni mistari mitatu kwenye .bashrc:

source <(kubectl completion bash)
alias k=kubectl
complete -o default -F __start_kubectl k

Huo wa tatu ndio safu yenu iliuacha. Unaiambia bash kwamba k nayo ikamilishwe kwa fankisheni (kipande cha programu) ile ile ya kubectl.

Kwa git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kuna mtego mwingine. Kwenye Ubuntu, maelekezo ya git hayapakiwi terminali inapofunguka. Yanasubiri mpaka uandike git na kubonyeza Tab. Kwa hiyo lazima uyaite mwenyewe kwanza:

source /usr/share/bash-completion/completions/git
alias g=git
__git_complete g __git_main

Na aliasi iliyobeba amri ndogo ndani yake, kama alias gco='git checkout', huongezewa __git_complete gco _git_checkout. Git imewafikiria watu wa namna hii. Kubectl bado: ukiweka kl kwa maana ya kubectl logs, fankisheni yake haitakuletea majina ya podi. Mimi kwa hizo natumia programu fupi iitwayo complete-alias, ambayo huikunjua aliasi kwanza, yaani huirudisha kuwa amri ndefu, ndipo itafute ukamilishaji.

Wenye Mac watasema kwao mambo yanaenda yenyewe. Kweli, maana tangu toleo la Catalina la 2019 Apple inawapa zsh badala ya bash, nayo huikunjua aliasi bila kuombwa. Lakini wasije wakaona mpangilio unaoitwa complete_aliases wakadhani ni wa kuwashwa. Ukiuwasha, zsh inaacha kukunjua na kuihesabu aliasi kuwa amri inayojitegemea, na wataangukia shimo lile lile la bash.

Mkiichapa barua hii, naomba mchapaji asizigeuze alama za kunukuu za gco kuwa zile zilizopinda, kwa sababu bash haizitambui. Na mistari ya chini (_) inayotangulia git_complete, git_main na start_kubectl ni miwili miwili, si mmoja mrefu. Safu ya wiki iliyopita ilikosea hapo pia.

Fundi wa seva,
Mwanza