Maji ndani ya chupa ndiyo yanayoharibu taka za uwanja wa ndege

Mhariri,

Kila panapozungumzwa urejelezaji wa taka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, kwanza hutajwa mapipa: yaongezwe, yapakwe rangi, yaandikwe kwa herufi kubwa. Kwa maoni yetu, mapipa yangeweza kungoja. La kushughulikiwa mapema ni maji yanayobaki ndani ya chupa.

Piga hesabu. Chupa tupu ya nusu lita haifiki gramu 25. Ikitupwa ikiwa nusu, imebeba gramu 250 za maji. Chupa mia moja za aina hiyo ni kilo 25 za maji kwa plastiki isiyofika kilo mbili na nusu. Mfuko ukiburutwa unapasuka, maji yanalowesha magazeti na katoni, na karatasi ikishalowa pamoja na masalio ya chai na mandazi, hakuna mnunuzi atakayeigusa. Kisha lori linalipwa kwa uzito, kwa hivyo mtu anagharamia kubebewa maji hadi jaani.

Chupa hizi huletwa na kanuni ya mililita 100 kwa vinywaji vya mkononi katika safari za kimataifa. Msafiri anaikumbuka akiwa tayari mbele ya mashine ya ukaguzi, mkanda mkononi, foleni ikimsukuma. Hapo hatamwaga kitu. Atatupa chupa na kizibo chake. Mahali pa kumwagia panafaa kuwa hatua ishirini au thelathini kabla ya mkia wa foleni. Sinki la chuma lisilo na mfereji latosha, lenye wavu wa kunasa majani ya chai na vipande vya limau, la sivyo litaziba siku ya kwanza. Pasipo na bomba la majitaka, wekeni mtungi wa lita 20 chini yake na uondolewe ukifika lita 15. Uliojaa pomoni humwagika sakafuni, na sakafu yenye maji uwanjani ni mguu wa mtu kuvunjika.

Kando ya sinki liwe pipa lenye kifuniko cha tundu la mviringo, sentimita 10 hivi. Chupa inapita, boksi la chipsi halipiti. Pipa lililo wazi, hata liandikwe nini, hupokea kila kitu. Kizibo kifunguliwe, kwa sababu chupa iliyofungwa inashika hewa na robota, yaani furushi la chupa zilizobanwa pamoja, halishikamani, lakini kitupwe humo humo: kiwandani, vipande vikioshwa, vya kizibo huelea na vya chupa huzama, vikatengana vyenyewe.

Upande wa pili wa ukaguzi pawe na mfereji wa maji ya kunywa, mrefu kiasi cha chupa ya lita moja kusimama wima chini yake. Bila huo, aliyemwaga atanunua chupa nyingine na kuitupa kwenye lango la kupandia ndege.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Mara nyingi utengaji hufia kwenye toroli. Mfanyakazi wa usafi akipewa toroli yenye mfuko mmoja atachanganya tu, na tusimlaumu, maana kandarasi inamlipa kwa sakafu safi. Kandarasi itaje toroli ya mifuko miwili, mifuko inayoonyesha kilicho ndani, na kila mfuko kupimwa.

Eneo la kuwasili husahaulika. Nailoni ya kufungia masanduku huchanwa papo hapo kando ya mkanda wa mizigo. Ni plastiki nyepesi, kavu, ya aina moja. Ikiondolewa gundi na stika hupata soko kwa urahisi. Inahitaji fremu moja ya mfuko mkubwa, basi.

Kuna taka moja isiyorejelezwa kamwe: masalio ya chakula kutoka ndege za nje. Yawe na gari lake na yateketezwe, wala asipewe mfugaji hata sufuria moja. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa na wanasayansi mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, iliingia Ureno mwaka 1957 kupitia makombo ya ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa Lisbon.

Tunapendekeza kuanza na mlango mmoja wa ukaguzi, kwa mwezi mmoja. Wiki mbili za kwanza mifuko ipimwe ilivyo, bila kubadili chochote. Kisha sinki liwekwe, na mifuko ya wiki mbili zinazofuata ipite kwenye mizani ile ile.

Watenganishaji taka,
Embakasi, Nairobi