Kompyuta za zamani zibadilishwe mfumo, zisitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la kompyuta zilizoachwa nyuma tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025. Hapa Tabora zimejaa shuleni, maofisini na kwenye steshenari. Nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 ama kwa prosesa ya zamani, lakini si mbovu.

Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce, hupatikana bure na hufanya kazi vizuri kwenye RAM ya GB 4. Iandikwe kwenye flashi ya GB 8, kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo bila kugusa diski, kisha zijaribiwe Wi-Fi, sauti na printa. Printa ndiyo msumbufu mkubwa, kwani baadhi hazina draiva (programu ya kuziendesha) kwa mfumo huo. Jingine linalosahaulika ni betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta, CR2032: ikiisha, saa hurudi nyuma miaka kadhaa na tovuti hugoma kufunguka. Hapo mfumo mpya husingiziwa bure!

Nashauri wakuu wa shule waanze na mashine mbili tu za maabara, mafaili yakiwa yameshanakiliwa pembeni, maana usakinishaji unaweza kufuta diski nzima. Mhasibu anayetegemea programu ya Windows pekee aachiwe yake kwanza.

Msomaji,
Tabora Mjini