Kaka, barazani hawajui kuwa hulali

Shikamoo kaka,

Nakuandikia hadharani bila jina lako, maana meseji zangu unazisoma halafu unajibu "poa tu". Vibanda vya spea za baiskeli vilivyofungwa hapo Ngamiani, Tanga, ni vingi, kwa hiyo kila mtu atadhani anasemwa yeye. Wacha wadhani.

Siku ile niliyolala kwako, saa nane usiku nilitoka kwenda chooni nikakukuta uani. Umekalia ndoo, baiskeli umeipindua, unazungusha pedeli kwa mkono, mnyororo unalia taratibu. Nikauliza kulikoni, ukasema unaitia mafuta. Kaka, chupa ya mafuta sikuiona.

Mwaka huu umepima presha mara tatu, umemeza dawa za vidonda vya tumbo, mgongo umechuliwa. Presha ilipoonekana nzuri ukanuna kana kwamba nesi amekutukana. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huwajia hivyo wanaume wengi: mwili unauma, hasira ziko karibu, wengine chupa inaongezeka (wewe hunywi, alhamdulillahi, wewe ni hasira). Machozi hakuna, basi hakuna anayeshtuka.

Mimi nilipojifungua mtoto wa pili nililia wiki tatu. Msaada sikuutafuta, nisijisifu bure. Nilimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, nesi akaacha mizani akanitazama mimi: "Na wewe mama, unalala?" Nikamwaga yote palepale, mtoto ananing'inia kwenye mizani na foleni nyuma inaguna.

Ndipo nilipoiona tofauti yetu. Sisi tunapita mikononi mwa wauguzi kila mara, kwa mimba, kwa chanjo, kwa uzazi wa mpango. Halafu kuna kikoba, kuna kusukana. Hata kwenye ngoma za pepo, aliyepandisha anapata kusema mbele ya watu yale asiyothubutu kumwambia mumewe. Wewe mara ya mwisho kuulizwa kama unalala ilikuwa lini? Barazani kahawa inazunguka, kashata, drafti, Coastal Union, na mtu anaweza kukaa pale miaka kumi asiulizwe.

Si kwamba wanawake tumesalimika. Sonona inatupata sisi zaidi yenu. Lakini kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mstari huu nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Hilo nitakuuliza ana kwa ana, nawe utanijibu ukiniangalia.

Na usinianzie habari za Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Najua tulivyotishwa nayo utotoni, ukifanya utundu kidogo tu, "utapelekwa Lutindi". Hospitali ile iko huko milimani Korogwe tangu enzi za Wajerumani na ina kazi yake. Sisi tunakwenda hospitali ya Bombo hapo mjini, unakaa kwenye kiti, unaongea na mtu. Wakikuandikia dawa, huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, usije ukaziacha siku ya nne kama ulivyozifanya zile za tumbo.

Jumatatu nakuja na basi la kwanza. Tukikutana na watu wako wa baraza, waambie unakwenda kupima presha, sitakukanusha. Baiskeli uje nayo stendi, mimi nitapanda keria.