Jicho la Daktari Blackwell mmelipeleka wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu likinunuliwa kwa sarafu na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipokosea tarehe ya Idi nilinyamaza. Lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kuhitimu udaktari Marekani, imeninyima usingizi, na usingizi mimi nauthamini, maana nimekesha zamu za usiku miaka 34.

Mwandishi wenu anasema chuo cha tiba cha Geneva, katika jimbo la New York, kilimfungulia mlango. Mlango upi? Walimu hawakutaka lawama ya kumkatalia wenyewe, wakawatupia mzigo wanafunzi, wanaume watupu karibu 150, kwa sharti kwamba akipinga hata mmoja, binti haingii. Vijana wakadhani ni utani, wakapiga kura ya ndiyo huku wakicheka. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba kuna aliyesema hapana, wenzake wakamvamia mpaka akageuza. Novemba 1847 utani ukaingia darasani, ukaketi, ukafungua daftari. Januari 23, 1849 akahitimu. Mdogo wake Emily alipobisha hodi pale pale, akakataliwa, akahangaika mpaka akamalizia Cleveland mwaka 1854. Mlango wa namna hiyo hata kwenye banda la kuku hatuwekei.

Hilo ningelimeza. La jicho halimezeki. Mmeandika kwamba akiwa Paris alipata tatizo la macho. Mhariri, tatizo la macho ninalo mimi, ninayesoma maandishi yenu madogo kwa miwani ya kuazima. Yule alifika Paris na shahada yake mkononi, akaambiwa kama anataka kuingia hospitali ya wazazi ya La Maternité, aingie kama mwanafunzi wa ukunga. Akaingia. Novemba 4, 1849 alikuwa akisafisha kwa bomba macho ya kichanga yaliyojaa usaha, maji yale yakamrukia. Usaha huo ni wa kisonono. Mtoto huupata kwa mama wakati anazaliwa. Jicho la kushoto likafa, baadaye likatolewa kabisa, na hamu yake ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo. Alikuwa na miaka 28. Miaka kama thelathini ikapita ndipo daktari Credé, huko Leipzig, Ujerumani, alipoanza kuwadondoshea vichanga dawa ya madini ya fedha ili wasipofuke. Sisi tulikuta tetrasaiklini ya mafuta, dawa ya kupaka machoni. Nimewapaka watoto nisiowajua idadi, kabla hata mama hajaniuliza ni wa kike au wa kiume, na miaka yote hiyo sikujua kwamba kuna mwanamke aliyelipa jicho kwa kazi ile ile. Nimejulia uzeeni. Tena si kwenu.

Sisemi alikuwa malaika. Chanjo alizipinga, na hapo mimi na yeye tungegombana mbele ya watu.

Lakini nieleze kwa nini nimewaka. Usiku mmoja, hospitali siitaji, daktari wetu kijana, binti mwembamba, alimfanyia upasuaji mama aliyekuwa anatutoka. Saa tisa usiku akatoka na nguo zake za kijani, jasho linamtiririka, akawaambia ndugu kwamba mama na mtoto ni wazima. Mume akasikiliza vizuri kabisa, akajibu: "Ahsante sista, sasa tuitie daktari." Wakati huo huo fundi wa jenereta akatokea koridoni, ana koti refu na tochi. Wakamrukia, wakamshika mikono miwili miwili, wakamwita daktari, mjomba mtu akataka kumpa elfu kumi. Na fundi, Mungu anamwona, akasema msijali, ndiyo kazi yetu. Mhariri, mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule binti hakucheka. Alikwenda kuandika faili, kisha akaniomba nimwangalie mgonjwa wa kitanda cha nne. Niliposoma habari za wale vijana wa Geneva na kura yao ya vicheko, nikamkumbuka, na chai ikanishinda.

Sasa maadamu nimeshika kalamu, kuna picha zenu. Kila Machi 8 ikikaribia lazima mtuletee kigogo wodi ya wazazi anakabidhi kanga mbili na mche wa sabuni. Kigogo amesimama, amechana nywele, anaangalia kamera. Mama amelala, ameshonwa jana, kitenge kimemteleza, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kutazamwa na wilaya nzima. Wapiga picha wenu nimewafukuza mara mbili kwa beseni, na lingekuwa na kitu ndani siku ile ningewamwagia. Mkunga aliyemzalisha yuko wapi kwenye picha? Kakatwa, umebaki mkono umeshika drip. Blackwell alipofungua hospitali yake ya wanawake na watoto maskini New York, Mei 12, 1857, aliifungua na madaktari wenzake wawili, mdogo wake Emily na Marie Zakrzewska. Nao hamkuwataja. Kwa nini kwenu mwanamke lazima awe mmoja, tena wa kwanza, tena peke yake?

Ninachotaka si kikubwa. Rudieni makala, ukurasa ule ule wa 14, picha ile ile, na muongeze sentensi tatu: kura ya utani, jicho la kushoto, Emily kukataliwa. Nimeshawaandikia nyuma ya karatasi hii kwa wino mwekundu, hamna kazi ya kufikiri. Kisha mwandishi wenu aletwe leba, aketi kwenye benchi la ndugu kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, bila simu, na akiona mtu mwenye koti asimwite daktari kabla hajamuuliza.

Mkisema nafasi haitoshi, ondoeni nyota za wiki. Mimi ni Mizani. Tangu Januari mnaniahidi safari na fedha za ghafla, na nimefika sokoni tu.

Mkunga mstaafu,
Korogwe