Jangwa la gofu si Dubai peke yake

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita mliandika habari za wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Dubai kucheza gofu jangwani, na mwandishi wenu akahitimisha kwamba raha ya namna hiyo haiwezi kumfikia mtu anayeishi kwa mshahara, sembuse kwa pensheni. Kuhusu Dubai sina ubishi naye. Tangu Emirates Golf Club ifunguliwe mwaka 1988, ikiwa na uwanja wa kwanza wa majani mabichi katika Mashariki ya Kati, mchezo huo umekwenda sambamba na hoteli za kifahari. Ninachokataa ni kulichukulia jangwa la Waarabu kuwa ndilo jangwa pekee, ilhali baadhi ya malori yanayovuka mpaka wetu na Zambia pale Kasumbalesa na shaba yetu yanashuka hadi bandari ya Walvis Bay nchini Namibia, ukingoni mwa jangwa la Namib, na karibu na bandari hiyo kuna mji mdogo wa Swakopmund wenye uwanja wa gofu wa mashimo 18.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Gofu niliifahamu kwanza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine, kabla ya kununua fimbo zangu za mitumba, na sijawahi kuwa na nyumba katika mtaa wetu unaoitwa Golf. Miaka miwili iliyopita wazee wanne tulichangia gari moja na mafuta yake, tukaenda Swakopmund kwa muda wa majuma mawili, safari yenyewe ikiwa ndani ya hesabu hiyo. Ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa kupitia Lusaka, Livingstone na Sesheke, kisha daraja la Zambezi la Katima Mulilo lililofunguliwa mwaka 2004, na kutoka hapo Namibia yote hadi baharini. Sitamdanganya msomaji kwamba njia ni nyepesi: tulipopita kati ya Livingstone na Sesheke, mashimo ya barabarani yalizidi sana 18, na hakuna aliyetupatia kadi ya kuyahesabia.

Kilichotupunguzia gharama kuliko vyote ni kalenda. Watu wengi wa kwetu hufikiria kusafiri mwezi wa Desemba, mvua inapolowesha viwanja vyetu na radi zinapotukimbiza uwanjani. Lakini Desemba ndio mwezi ambao wakazi wa mji mkuu Windhoek na wa sehemu za Namibia zilizo mbali na bahari hukimbilia Swakopmund kutafuta ubaridi wa bahari, na mwenye chumba cha kupangisha anajua hivyo vizuri sana. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Februari. Huku nyumbani mvua bado ilikuwa inanyesha, huko shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na wageni wa sikukuu wameondoka, nasi tukapata nyumba yenye vyumba viwili na jiko kwa bei ambayo mwenyewe alikubali kuipunguza tena tulipomwambia tutakaa usiku tisa. Anayechelewa hadi mwishoni mwa Machi au Aprili aangalie tu asigongane na Pasaka.

Jiko nalo lisidharauliwe. Unga wa mahindi unauzwa kila duka la Namibia, na bukari, yaani ugali wetu, ni bukari popote inapopikwa. Samaki wa bahari ile ya baridi tuliwanunua wabichi tukawapika wenyewe. Kwa upande wa fedha, dola ya Namibia na randi ya Afrika Kusini zina thamani moja, na randi inapokelewa nchini humo, kwa hiyo aliyebadilisha fedha zake kuwa randi mapema, kwa utulivu, hatahangaika na wabadilishaji wa mpakani. Habari za viza aziulize kabla ya kuweka chochote amana; mmoja wetu alilipia chumba kwanza, akakaa siku kadhaa bila usingizi.

Sasa uwanja wenyewe, maana ndio uliotupeleka. Unaitwa Rossmund, nje kidogo ya mji, katika bonde la mto Swakop ambao kwa kawaida ni mkavu. Nyasi ni za kweli na kijani chake kinashangaza, kwa sababu pembeni yake ni mchanga na miamba mitupu, na swala wa aina ya springbok hujilisha katikati ya njia ya kuchezea kana kwamba wamelipa ada. Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza, maji ya kumwagilia yanatoka wapi mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 20 mara nyingi: ni maji yaliyotumika mjini na kusafishwa tena. Ningependa wenye viwanja vya kwetu, ambao kiangazi huacha nyasi zikauke zikawa kama ufagio, wakalitazame jambo hilo.

Mchezaji wa Lubumbashi ajiandae pia kuaibika kidogo. Sisi tumezoea kupiga mpira katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali. Pale karibu na bahari fimbo ile ile inauangusha mapema, na siku ya kwanza nilidhani uzee umenifikia kwa usiku mmoja. Asubuhi kuna ukungu unaoletwa na mkondo baridi wa bahari uitwao Benguela, unaweza kuhitaji sweta jangwani, na alasiri upepo wa baharini unaanza kuamua mambo. Tulianza ukungu ulipoanza kuinuka, tukatembea kwa miguu badala ya kukodi vigari, tukacheza siku nne tu kati ya tisa. Ada ya mashimo 18 kwa mtu mmoja ilikuwa chini ya kile kila mmoja wetu alichotumia kwa mafuta ya siku moja ya barabarani.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ninaomba mwandishi wenu arudie hesabu yake kwa kuanzia Kasumbalesa badala ya uwanja wa ndege, aweke Februari mahali pa Desemba, na aandike bei ya chumba chenye jiko kikigawanywa kwa watu wanne. Akihitaji mtu wa kumsomea risiti zangu, ninazo zote ndani ya bahasha.

Mhasibu mstaafu,
Kampemba, Lubumbashi