Barua ya wazi kwa Balozi wa Ujerumani: mchoro wenu ulirudi kwa sababu ulikuwa kwenye orodha

Mheshimiwa Balozi,

Salaam kutoka Songea. Naanza na habari njema ya kwenu. Tarehe 19 Oktoba 2023, jijini Chicago, Ujerumani ilikabidhiwa mchoro wa mandhari wa Johann Franz Nepomuk Lauterer, msanii wa Vienna wa karne ya 18. Ni mali ya makusanyo ya michoro ya serikali ya Bavaria, na haukuonekana tangu mwaka 1945. Mzee mmoja aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia upande wa Marekani alirudi nao nyumbani. Mchoro pacha wake ulibaki Ujerumani. Ukiiweka miwili hiyo sambamba, inakamilisha mandhari moja: wachungaji, wasafiri, mbuzi, ng'ombe na punda kwenye kivuko cha mto. Mto huo ulikatwa katikati kwa miaka 78.

Nilifurahi sana niliposoma habari hiyo. Kitu cha watu kimerudi kwa wenyewe.

Nikatafuta kujua kiliwezaje kurudi. Mwaka 2012 mchoro uliingizwa katika kanzidata ya Ujerumani ya kazi za sanaa zilizopotea. Aliyeurithi alipojitokeza akitaka alipwe, mtaalamu wa kurejesha sanaa zilizopotea alikuwa na pa kuangalia, akaona mwenye mchoro ni nani. Malipo hayakutolewa. Wala sikusikia mtu akiwaambia kwamba miaka 78 ni mingi mno, yaliyopita si ndwele.

Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuwa hapa kwetu, Makumbusho ya Majimaji. Aliomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa mwaka 1906. Wazee wetu husema Nduna alizikwa bila kichwa, kilipelekwa Ujerumani. Rais aliahidi kitatafutwa, akasema wazi kuwa hawezi kuahidi kitapatikana. Niliuamini msamaha ule, na bado nauamini.

Lakini Mheshimiwa, sisi tunatafuta bila orodha. Katika makumbusho ya etnolojia ya Berlin kuna vitu vilivyochukuliwa kama nyara katika Vita vya Majimaji. Vitabu vya kuviorodhesha viliandikwa kwa Kijerumani, na mara nyingi jina lililomo ni la ofisa aliyevileta, si la aliyenyang'anywa. Bibi wa Peramiho atajuaje kwamba mkuki wa babu yake uko huko? Watafiti wa Makumbusho yetu ya Taifa wamefika Berlin na wamefanya kazi kubwa, ila hakuna mtafiti anayejua alama za kila ukoo. Wanaozijua wako huku vijijini, na kila msimu wa mvua tunazika baadhi yao.

Kwa hiyo naomba orodha. Iandikwe kwa Kiswahili na iwe na picha: kitu kilichukuliwa wapi, mwaka gani, na nani. Pasipojulikana, paandikwe hapajulikani, kwa sababu huenda mtu wa Mahenge au Kilwa akapajaza. Isiishie kwenye intaneti. Ichapwe, ibandikwe Makumbusho ya Majimaji na kwenye ofisi za vijiji, pale tunapobandika majina ya wapiga kura.

Mabaki ya wazee wetu yasiingizwe humo. Mtu hawezi kukuta fuvu la babu yake limebandikwa ukutani. Kwa hayo, familia ziitwe pembeni, ziambiwe kwa utaratibu, na wakiwepo watu wazima wa ukoo.

Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika hapa kuwakumbuka walionyongwa. Karibu Songea siku hiyo, Mheshimiwa, na uje na kurasa za kwanza za orodha hiyo. Tutawawekea wazee viti vya mbele, na vijana watawasomea.

Wako kwa heshima,
Mwananchi wa Songea